Maharage ya Upande wa Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia la jezi zilizooza. Ilikuwa Mkwajuni, kwenye timu ya wachimbaji, na Meneja aliyenikabidhi alisimama mbali ameziba pua. Akasema nikiweza kuzirudisha kwenye rangi yake, kazi ni yangu. Nilizifua siku mbili, vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, likatoka, ikaonekana njano. Meneja mwenyewe alikuwa ameshasahau kama ni njano.

Nawaandikia ninyi mnaotunza vifaa vya timu siku hizi. Shule nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo penye kosa mnivumilie, lakini kazi hii naijua kuliko wengi wenye vyeti. Mtunza vifaa ni mtu wa jezi, bukta, soksi, mipira na pampu yake, na maji ya kunywa. Jezi haifuliwi kama shuka. Unaigeuza ndani nje, unailoweka kwanza kwenye maji ya baridi, maana ya moto yanalipika jasho likabaki humo humo. Namba ya mgongoni usiisugue kwa brashi. Itabanduka, na mchezaji atakulaumu wewe.

Kuna kazi nyingine ambayo hawakuambii siku ya kwanza. Mchezaji akiachwa, wewe ndiye unayepokea jezi yake. Viongozi wanakaa ofisini, na yeye anakuja kwako ameishika mkononi. Nimepokea nyingi. Sikuwahi kuzoea.

Kutoka Mkwajuni nilihamia Tunduma, timu ya daraja la mkoa. Kocha Mkuu alikuwa mtu wa Tanga, maneno laini, ila haambiliki. Msimu huo tulikuwa na ugonjwa mmoja: mipira ya kurusha. Mpira ukitoka pembeni na ukawa wetu, tukiurusha tu unachukuliwa na wageni. Wakati mwingine hapo hapo tunafungwa. Mwalimu, maana kocha tulimwita hivyo, aliiita mipira iliyokufa, yaani kona, faulo na ya kurusha, ile inayoanza ikiwa imesimama. Mimi niliona kweli kwetu ilikuwa imekufa.

Lawama zote alibeba Nzunda, beki wa kushoto, kijana mpole wa Ndalambo. Mwalimu alimrushisha mipira mazoezini mpaka mabega yakavimba. Haikusaidia. Wiki ya mwisho wa msimu Katibu akanijia kwenye kamba za kuanikia.

"Jezi namba tatu, Jumamosi baada ya mechi utaipokea," akasema.

"Kafanya nini?"

"Mama, hata kurusha mpira hawezi. Mikono anayo miwili."

Niliendelea kuanika, ila kuna jambo nilikuwa nalifuatilia kwa wiki nyingi.

Uwanja wetu umelala upande. Upande wa juu una tuta la udongo, mpira ukitoka unaligonga na kurudi wenyewe. Upande wa chini hakuna kitu, mpira unateremka mpaka kwenye mahindi, na anayeufuata anarudi anahema. Ndoo niliyokalia ilikuwa upande huo wa bondeni, jirani na benchi. Magoli yako mbali na macho yangu ni ya kizee, kwa hiyo mchezo niliouona vizuri ni huo wa kurusha. Nikataka kujua kwa nini tunaupoteza. Kuandika kwangu ni kwa taabu, nikachukua vikombe viwili vya plastiki na maharage mfukoni. Tukipoteza upande wa juu, harage kikombe cha kijani. Tukipoteza bondeni, harage kikombe chekundu.

Chekundu kilijaa. Cha kijani kilikuwa na maharage ya kuhesabu kwa vidole. Na si Nzunda peke yake. Kapteni wetu, beki wa kulia, alipenda tuanze kwa kushambulia goli la barabarani, kwa hiyo kipindi cha kwanza bondeni alirusha Nzunda. Timu zikibadilisha magoli, bondeni panakuwa pa Kapteni, naye alipoteza vile vile. Tofauti ni kwamba Kapteni hakuna wa kumnyooshea kidole.

Basi si mkono, ni mahali. Lakini mahali panamfanyaje mtu? Hilo ndilo lilinisumbua. Nikaacha kuangalia mpira, nikaangalia waliobaki uwanjani wakati unafuatwa kwenye mahindi. Jamani. Mmoja kachuchumaa anavuta soksi. Wawili wanapiga soga. Mwingine kaja kwangu kuomba maji na kunitania kwamba yamepoa kama uji wa jana. Walishazoea kwamba ukitoka huku ni mapumziko. Wageni hawajazoea, wamesimama, kila mmoja kamshika wake. Mpira unarudi, Nzunda anainua mikono, anaona migongo tu.

Ijumaa, mazoezi ya mwisho, nikamfuata Mwalimu na vikombe vyangu. Alicheka taratibu.

"Mama yangu, wewe fua. Mpira niachie mimi."

"Nimefua, mwalimu, zimekauka. Sasa kaa kwenye ndoo yangu. Ukitoka huku usiuangalie mpira. Angalia watu wako."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alichoka. Alikaa, mpira ukatoka, ukateremka. Akaangalia. Ukatoka tena. Mara ya tatu alimuuliza Kapteni, aliyekuwa ameketi kabisa kwenye nyasi, kama tumletee na chai. Kisha akaniuliza mipira tunayo mingapi. Nikamwambia miwili, wa pili Katibu anautunza ofisini usichakae.

"Kesho uje nao," akasema.

Jumamosi tulicheza na timu ya Ileje. Mpira wa kwanza kutoka bondeni, nikainuka na ule wa akiba nikampa Nzunda mkononi. Wetu walikuwa wameonywa, wakakimbia. Wageni walikuwa bado wanautazama ule mwingine ukiingia kwenye mahindi. Akarusha, winga akaupata, akaumimina kati, goli. Baadaye nao walirudisha, tukatoka sare. Kikombe chekundu siku hiyo kilipata harage moja.

Watu walipoondoka nikabaki nakusanya. Nzunda akaja. Jezi alishaivua na kuikunja vizuri, kumbe Katibu alishamwambia.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa nikukabidhi."

Nikamtazama Mwalimu kule kwenye benchi. Alitikisa kichwa mara moja, kwamba haachwi, akageukia mambo yake. Nikaikunjua ile jezi, nikaigeuza ndani nje, nikaizamisha kwenye beseni pamoja na zingine.

"Jumatatu uje uichukue," nikamwambia. "Itakuwa imekauka."

Namba tatu niliifua msimu mwingine mzima, kisha nikastaafu, magoti yamegoma kuinama. Najivunia kazi yangu, sioni haya kusema. Uwanjani bado naenda, ila nimehamia nyuma ya goli, maana sasa ugonjwa wetu ni kona. Zikipigwa, wetu wote wanakimbilia nguzo moja kama kuku waliomwagiwa mtama, ile nyingine inabaki peke yake. Jumamosi iliyopita Mwalimu mpya aliniletea kiti, akaniuliza leo nahesabu nini. Nikamwambia kona tunazopoteza, ila sababu bado sijui, nikijua nitamwita. Kikombe chekundu kimeshafika nusu.