Nilivyotengeneza intercom ya chumba cha mionzi, mama akiwa mgonjwa wa humo humo

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi.

Mimi fundi redio, nna kibanda Mlandege. Mama yangu, Bi Mwanaidi, ni mkulima wa mwani Jambiani. Mwaka jana alianza tiba ya mionzi ya saratani, hospitali siitaji.

Kwa asiyejua: mgonjwa analala peke yake kwenye chumba cha kuta nene, wahudumu wako nje. Wanasemeshana kwa intercom tu.

Siku ya tatu ikaganda katikati ya tiba. Mama anaita, kimya. Akadhani wamemsahau.

Alipotoka akanambia, "Mwanangu, kesho sirudi."

Nikambembeleza, akarudi. Lakini kila siku anaingia kwa hofu.

Nikamfuata mhandisi wa hospitali, Bi Rukia. Akasema zile intercom zinakufa kila mara, mionzi inavuruga chip. Nikaomba nijaribu. Akakubali, kwa sharti akague kila kitu yeye kwanza.

Hapo nikajifanya mjuaji. Nikaunda board mpya, nikaizungushia bati la madini ya risasi, nikaweka na saketi ya kuiwasha upya ikiganda.

Siku ya majaribio iliganda, ikajiwasha, ikaganda tena. Kumbe mashine kubwa kama ile hutoa na chembe za nyutroni, ambazo risasi haizizuii. Niliona aibu, wakuu.

Bi Rukia akaitazama, akauliza, "Kwani hiyo chip lazima ikae mle ndani?"

Sikuwahi kujiuliza.

Basi ndani tukaacha spika na maikrofoni ya koili ya kizamani, hazina chip hata moja. Waya ukapita kwenye bomba la nyaya lililokuwepo ukutani, amplifaya na vingine vyote vikakaa nje ya ukuta. Tukaijaribu wiki nzima wagonjwa wakishaondoka. Haikuganda.

Siku ya kwanza kutumika, mhudumu akabonyeza: "Bi Mwanaidi, unanisikia?"

"Naam. Kama uko ubavuni kwangu."

Mama akaanza kumsimulia habari za mwani, mpaka mhudumu akamwambia, "Mama, tulia kwanza, usitikisike."

Mimi niko nje pale, machozi yananitoka.

Alimaliza tiba yote. Vipimo vya mwisho vizuri, alhamdulillahi, na nshamrudisha Jambiani.

Nilichojifunza: kabla hujahangaika kuikinga chip, uliza ina kazi gani mle.

Sasa Bi Rukia anataka kamera ya kumwona mgonjwa, na hiyo haikosi chip. Nnafikiria kuiweka nyuma ya kona ya mlangoni, mionzi isiipige moja kwa moja, itazame kupitia kioo cha kujitazamia. Aliyewahi kujaribu anieleze, hata kunikosoa ruksa.