Mstari wa Itoka

Nilirudi Nyeri mvua za masika zikiwa zimeanza, na kabla sijamaliza kupanda kilima cha kwetu nikayaona: maua ya itoka katikati ya nyasi za jaji, jirani yetu, kwa mstari ulionyooka kutoka mtoni hadi langoni. Nilicheka peke yangu barabarani, rafiki yangu.

Itoka, ua la mpakani linaloota kutokana na kitunguu chake ardhini, ndiyo iliyotenganisha shamba na shamba kwetu. Aliyeing'oa alikuwa amemtangazia jirani yake vita. Wakoloni walipompeleka babu kizuizini, jirani yetu alikuwa karani wa kugawa mashamba. Aliing'oa itoka yetu, na shamba la upande wa mto likaandikwa lake. Babu hakurudi. Nyanya aliokota vitunguu vya mimea ile, akavipanda nyuma ya jiko lake.

Uhuru ulipokuja, karani akawa mbunge. Wakati wa likizo nilifuatana na nyanya kuchuma kahawa, kibarua katika shamba lililokuwa lake mwenyewe. Bado nauhisi umande wa baridi mikononi, vidole vikinata kwa utamu wa kahawa mbivu. Ndani ya kiondo mlikuwa na viazi vitamu vya moto, na chini ya viazi, vitunguu vya itoka. Kila tulipofika ulipokuwa mpaka, nyanya aliinama, akachimba kwa kijiti, akafukia kimoja.

"Hiyo ni ya nini, cucu?"

"Kula kiazi yako."

Uchaguzi ulipokaribia tena, mbunge alikuja kutusalimia, viatu viking'aa.

"Cucu, kura yako si niko nayo?"

"Shamba yangu uko nayo," nyanya alijibu bila kuacha kuchuma. "Kura, wacha tuone."

Wanawake walicheka mpaka debe la mtu likamwagika. Mbunge alishindwa, na jioni hiyo tulikula nyama ingawa haikuwa Krismasi. Lakini wakubwa hawakumwacha, walimfanya jaji. Mwizi wa mpaka akaketi kuamua mipaka ya wenzake.

Alikata kahawa, akajenga nyumba ya mawe, akapanda nyasi. Masika ya kwanza, itoka ikachomoza. Akaifyeka, ikarudi. Akaichimba, ikarudi. Yeye alijua inasema nini, na kila asubuhi akienda mahakamani gari lake lilipita juu yake. Nyanya alitoa kigoda nje, akanywa uji wake polepole, akimtazama.

"Bado niko," alisema.

Alihakikisha jaji ametangulia kaburini, ndipo naye akaenda.

Jana nilikwenda palipokuwa jiko lake. Moshi, kuku, sauti za wachumaji wakitaniana ng'ambo ya mto, vyote vimekwisha. Itoka tu ndiyo imejaa. Niliporudi, mtoto wa jaji alinisimamisha langoni, mtu mpole, mwenye jembe mkononi.

"Dada, wewe umesoma. Haya magugu yalimsumbua baba mpaka akafa. Unajua dawa yake?"

Wanaoweza kuusoma mstari ule wamebaki wachache. Yeye si mmoja wao.

"Haina dawa," nilimwambia.

Alinishukuru. Nilikihamishia kiondo bega la pili, maana vitunguu vilikuwa vizito, nikashuka kuelekea mtoni, pale mstari unapoanza. Udongo ulikuwa laini.