Oili Nzito na Safari ya Gitega

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu, mwanangu, mjumbe kutoka Gitega alipobisha hodi kwetu hapa Muyinga, akasema mjomba wangu amezidiwa na anamwita dada yake. Huyo dada ndiye mama yangu. Walikuwa hawasemezani tangu baba yao alipofariki, kwa sababu ya kiwanja alichowaachia. Sasa mjomba alitaka waombane radhi kabla hajaiaga dunia. Mama, ambaye kwa miaka hakutaka hata kulisikia jina lake, alijifunga kitambaa kichwani, akatoka, akasimama kando ya pikipiki yangu.

Pikipiki hiyo ilikuwa kuukuu, imepita mikononi mwa wengi kabla ya kunifikia. Niliitumia kubebea watu na mizigo kutoka Kobero, mpakani. Siku zile injini yake ilikuwa imeanza kugonga kwa mlio mzito wa chini, uliozidi kila nilipopanda mlima. Vijana wenzangu walinicheka. Mmoja aliniambia mbele ya abiria, "We Rajabu, moto yako iko inatwanga isombe. Utatuita lini tuje kula?" Abiria akacheka kusikia kwamba pikipiki yangu inatwanga kisamvu, akapanda ya mwenzangu.

Nisikilize hapa, kwa maana hapa ndipo nilipopotoka. Sikuipeleka kwa fundi. Madereva wa malori pale Kobero walikuwa na oili ya gia, nzito kama uji uliolala. Sisi vijana tulikuwa na desturi ya kuiomba kidogo na kuimimina ndani ya injini iliyoanza kelele, mlio ukafifia, abiria asipate la kusema. Niliimimina, injini ikatulia, nami nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nimemziba mgonjwa mdomo.

Tuliondoka na baridi. Oili nzito, injini ikiwa bado haijapata moto, hutembea polepole na haifiki upesi panapoihitaji. Hilo sikulijua, au niseme kweli, sikutaka kumwuliza anayelijua. Tulipofika Gasorwe mama alinigusa bega.

"Rajabu, kuna kitu kinagonga. Sikisikii masikioni, nakisikia miguuni."

Alikuwa ameweka miguu juu ya vyuma vya abiria, na mtetemo ulimpanda moja kwa moja. Mimi nami nilikuwa nikiusikia katika usukani.

"Ni barabara, mama," nikamwambia.

Aliniamini.

Kwenye mlima mkubwa uliofuata, injini ilipiga kishindo kimoja, ikashikana. Gurudumu la nyuma likakwama, tukaserereka hadi ukingoni. Hatukuumia. Mama hakuitazama hata nguo yake iliyochanika. Aliitazama barabara iendayo Gitega. Tulisimama pale hadi jua likawa kali, magari yakipita yamejaa, mpaka lori la maharage lilipotuchukua.

Tulipoingia Gitega jioni, wanaume walikuwa wakirudi makaburini na majembe mabegani. Kwetu Waislamu maiti hangojeshwi. Mke wa mjomba alimketisha mama mkekani, akamweleza kwa upole kwamba marehemu aliuliza hadi adhuhuri kama dada yake amefika, na kila pikipiki iliposikika njiani aligeuza uso kuelekea mlangoni.

Mama hakulia. Alinigeukia mimi.

"Kabla hatujaondoka nyumbani, ulikuwa unaisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Na ukaniambia ni barabara."

Neno hilo hakulirudia siku yoyote ya maisha yake. Afadhali angenipiga. Aliendelea kunipikia na kuniombea dua, lakini pikipiki yangu hakuipanda tena. Kila alipoikuta imesimama mlangoni, aliipita, akaenda sokoni kwa miguu. Sasa ndugu hao wawili wamelala, mmoja Gitega na mmoja Muyinga, na neno walilotaka kuambiana lilikatikia mlimani, mikononi mwangu. Kama ningesema kweli asubuhi ile, tungetafuta gari mapema, tungefika.

Nimemwambia dada yako aandike haya kwa sababu juzi uliingia uani na hiyo pikipiki kuukuu uliyonunua, nikasikia mlio, nawe ukaongeza sauti ya redio. Mimi shule sikuiona, lakini masikio ninayo.

Basi fanya hivi. Iwashe ikiwa baridi, mahali pa kimya, uisikilize kabla ya kumpakia mtu. Vuta klachi, mlio ukibadilika au ukitoweka, anza kuchunguza upande wa klachi. Ukibaki, chukua bisibisi ndefu, ncha uiegemeze kwenye injini, mpini kwenye sikio, uisogeze juu na chini hadi upate unapotoka. Mlio mwepesi wa tik-tik huko juu mara nyingi ni valvu zinazotaka kurekebishwa. Hapo unaweza kwenda polepole hadi kwa fundi. Mkwaruzo wa ubavuni huenda ni cheni ya ndani iliyolegea, usiicheleweshe. Lakini ukisikia kugonga kuzito kwa chini, kunakoongezeka ukibeba mzigo, zima, wala usiwashe tena, hata kama aliyeketi nyuma yako ni mimi na nina haraka. Oili utie ile inayostahili injini hiyo, na usitie kitu chochote kwa ajili ya kuinyamazisha. Na mtu akikuuliza ni nini kinagonga, mjibu kweli, apate kujitafutia njia nyingine kungali mapema.

Mungu akulinde kwenye milima yote iliyo kati ya Muyinga na Gitega, akufikishe kwa wanaokungoja wakiwa bado wanaweza kukuona. Radhi zangu nakupa leo, mwanangu, nikiwa hai, bila kungoja hadi nikuite.