Mshonaji wa Miavuli ya Roketi

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana mjini Kakamega alinitupia bunda la nailoni akaniuliza nimewahi kushona nini. Nikamwambia sare za shule na kanzu za kwaya. Akacheka.

"Gauni likipasuka, mwenyewe anaona aibu tu," akasema. "Hii ikipasuka, kuna mtu chini."

Tulikuwa tukirusha roketi ndogo, zenye urefu wa mlango, zilizobeba vipima joto na unyevu wa mawingu. Roketi ikifika kileleni, baruti kidogo huisukuma pua yake itoke, na mwavuli hufunguka ili kila kitu kishuke polepole. Mwavuli huo ndio uliokuwa kazi yangu. Vijana mnaosoma haya mtadhani mwavuli mkubwa ndio bora. Thubutu! Ukiwa mkubwa mno, upepo huuchukua. Miaka hiyo sukari ilikuwa na bei, watu wakapanda miwa hadi mlangoni mwa nyumba, na roketi ikipotelea humo ulingoja wakataji. Ukiwa mdogo, roketi hushuka kwa kishindo. Basi tulipima uzito wa roketi tupu, tukakata vipande, tukadondosha mfuko wa mchanga kutoka mnara wa maji, tukarudi mezani. Juu kabisa niliacha tundu ili hewa ipite na mwavuli usiyumbe. Lakini kushona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukunja. Mikunjo ikishikana, umeshona bure.

Baadaye nilihamishiwa kiwanja cha kurushia, upande wa Malava, chini ya Mkuu wa Kituo, mtu msomi, mwenye haraka, asiyependa kusahihishwa. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Kukhu, yaani nyanya. Hakukubali mgeni apite kwake na mdomo mkavu. Lazima akukatie muwa utafune papo hapo.

Asubuhi moja walikuja wageni kutoka Nairobi. Kukhu akatugawia miwa sote. Mimi jino lilikuwa likiniuma, nikakataa, akanuna. Nikaenda kukunja mwavuli. Nilikuwa nimefika katikati Mkuu alipoingia na wageni, akanisogeza kando amalizie mwenyewe, wamwone.

Roketi ilipanda vizuri. Pua ikatoka, mwavuli ukatoka, lakini haukufunguka. Roketi ikashuka kama mchi, ikatoboa paa la jiko la Kukhu na kuvunja chungu chake cha mboga. Bahati ya Mungu, mwenyewe alikuwa nje.

"Fundi, umetuaibisha," Mkuu akaniambia mbele ya wote. "Kesho usije."

Mshahara ule ndio uliowalisha mama na wadogo zangu, lakini ningemsemaje mkubwa mbele ya wageni wake? Tukamngoja naibu chifu, kwa kuwa bila yeye hakuna aliyetaka kugusa kitu. Alipofika, Kukhu aliuinua mwavuli kwa fimbo. Ulikuwa umejaa sisimizi.

"Kwani nailoni inaliwanga?" akauliza. Akabandua mkunjo kwa ukucha, akanusa. "Hii ni maji ya miwa. Nani alikunja hii na mikono chafu?"

Kukhu akaninyooshea fimbo.

"Huyu msichana si yeye. Alikataa miwa yangu asubuhi. Hata sasa nimemkasirikia."

Naibu chifu akakohoa. Mkuu aliviangalia viganja vyake, kisha akaondoka. Usiku huo sikujua kama nina kazi au sina.

Kesho yake nilikwenda hivyo hivyo, na hakuna aliyenifukuza. Paa la Kukhu likaezekwa upya. Siku ya kurusha tena, Mkuu aliwaita watu wote, Kukhu na naibu chifu wakiwemo. Akashika birika na beseni mwenyewe, kama mwenye nyumba anavyowanawisha wageni kabla ya obusuma, ugali wetu, akaja kusimama mbele yangu.

"Nawa, fundi," akasema. "Mikono iliyokuwa michafu ni yangu. Leo sigusi."

Sasa nimestaafu, na kutia uzi kwenye sindano ni mpaka niitiwe mjukuu. Vijana huniuliza siri ya kazi ile. Vipimo mtavipata vitabuni. Mimi huwaambia wanawe mikono, nao hucheka. Wakuu wengine walimfuata yule, wapole na wakali, na nilikunja miavuli mingi. Ule wa siku ya birika wanasema ulifunguka vizuri sana juu ya miwa. Mimi sikuuona. Nilikuwa nalia.