Shangazi na Panya Wake Kipara

Mtaani walimwita Baba Panya, naye hakukasirika, maana hawakumsingizia. Wanaume wenzake walifuga kuku au mbwa. Yeye alilipwa mshahara kufuga panya. Tena si hawa wa kukimbizana darini. Panya wake walikuwa wadogo, vipara tangu kuzaliwa, ngozi imekunjamana kama soksi iliyovuliwa, na hawakuwa na kinga ya mwili hata ya kupambana na mafua. Kabla hajaingia chumbani kwao ilimbidi avae joho, kofia, barakoa, glovu na viatu vya humohumo, wakati nyumbani kwake aliingia na matope mpaka sebuleni. Mkewe alishamwambia waziwazi kwamba akirudi duniani mara ya pili anataka arudi panya, labda ataheshimiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke mwenye saratani ya titi akifanyiwa upasuaji, na akiridhia, kipande cha uvimbe wake kinaletwa maabara kwenye kisanduku cha barafu, kisha kinapandikizwa chini ya ngozi ya panya. Panya hana kinga, kwa hiyo mwili wake haujui kumfukuza mgeni. Uvimbe ukikubali kuota humo, watafiti wamepata mahali pa kujaribia dawa bila kumsumbua binadamu. Chumba cha pili walikuza seli kwenye visahani vya plastiki, lakini huko Baba Panya hakuwa na hamu nako. Seli hazing'ati, hazijambi, hata kukutazama hazikutazami. Utazipendea nini?

Sasa huyu bwana alikuwa na shangazi. Dada wa baba yake, ndiye aliyemlea, na mdomo wake haukuwa na breki. Alipoambiwa ana saratani, alimuuliza daktari kama ana uhakika au amechanganya mafaili. Walipomwomba kipande kwa ajili ya utafiti, alisaini papo hapo. "Chukueni chote, mimi cha nini?" Na aliposikia kwamba kitakwenda kwa panya wa mtoto wa kaka yake, aliitangazia wodi nzima kuwa mambo yamebaki ndani ya familia.

Upasuaji ukaenda salama. Tatizo likawa kemo, ile dripu ya dawa kali za saratani. Daktari alisema lazima aanze mapema, kabla mabaki hayajapata nguvu, na Shangazi akasema hapotezi nywele zake kwa ajili ya ugonjwa ambao umeshakatwa ukatupwa.

"Aanze yule kipara," alisema. "Yeye hana hata unywele mmoja, atapoteza nini? Akipona, nakuja mbio."

Watu walicheka, na yeye akaendelea kupiga chenga. Tarehe ya kwanza alikuwa na harusi. Ya pili alikuwa na mafua. Ya tatu akasema gari limeharibika, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumiliki gari. Baba Panya aliona, akanyamaza. Kumbishia Shangazi ni kazi ambayo hata marehemu baba yake hakuiweza.

Siku moja asubuhi alikuwa akikagua panya wake mmoja mmoja. Anamshika shingoni, anampapasa ubavuni kwa kidole. Akafika kwa mmoja, akahisi kitu kama punje ya dengu, kigumu, kimetulia. Vipande huwa na namba tu, hairuhusiwi kujua ni vya nani, lakini wiki alipopandikizwa huyo kilikuja kisanduku kimoja tu, na mwenye nacho alikuwa ameshajitangaza kama mgombea.

"Umeshika!" alipiga kelele. "Jamani, umeshika!"

Pale maabara uvimbe ukishika ni sherehe, maana mingi inayopandikizwa hufa tu. Kwa furaha akatoka nje, akavua glovu, akampigia Shangazi simu. Shangazi akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Aliporudi ndani alimkuta mkuu wa utafiti, mama mmoja wa maneno machache, ameinama juu ya kizimba. Hakuwa anatabasamu.

"Huu umewahi sana," alisema. "Kwetu ni bahati. Kwa mwenyewe, sijui. Inayoshika haraka hivi mara nyingi ndiyo ile mikali. Si kila mara, lakini mara nyingi."

Lo! Kumbe hata Baba Panya mwenyewe aliyajua hayo. Alishawaambia wageni wa maabara mara chungu nzima, kifua mbele, kama mwalimu. Ila siku ile uvimbe ulikuwa wa nyumbani, na akili ikaenda likizo. Alijiona mjinga, mjinga kabisa.

Jioni alipofika kwa Shangazi, sebule ilikuwa imejaa majirani na chupa za soda.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba! Njoo uwaambie hawa. Vya wenzangu vinakataliwa, changu hata panya kimemkolea!"

Majirani wakaangua kicheko. Baba Panya akamshika mkono, akamvuta mpaka jikoni, akafunga mlango.

"Kuna nini? Kafa?"

"Hajafa. Shangazi, nilikosea kupiga simu ile. Umeshika kwa sababu yaelekea ni mkali. Kama kuna chembe zilizobaki mwilini mwako, hazitakungoja umalize visingizio."

"Si nimesema nasubiri dawa ya panya?"

"Huyo hata dawa hapewi! Uvimbe wake utahamishiwa kwa wenzake, nao ungojewe uote, ndipo tujaribu. Ni miezi. Na hao wakipona, haina maana wewe utapona."

"Ebo! Sasa pale kazi yenu ni nini?"

"Ni kwa ajili ya watakaougua baadaye, Shangazi. Kwa ajili yako iko ile dripu unayoikimbia."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Hilo peke yake lilimtisha Baba Panya kuliko maneno ya mkuu wake. Machozi yakaanza kumtoka, mwanaume mzima, kamasi na yote.

"Unalia nini? Nitakufa?"

Maisha yake yote alikuwa anamdanganya huyu mama: kuhusu sahani zilizovunjika, kuhusu shule, kuhusu wali wake ulioungua, kwamba ni mtamu.

"Sijui," alisema.

Shangazi akamsogelea.

"Wote wananiambia nitapona," alisema. "Hata yule jirani hapo nje anayeyatolea macho masufuria yangu. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuogopa pamoja na mimi." Akajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. "Basi kesho asubuhi uje unipeleke. Na ukiniachia mkono pale kwenye dripu, nitakuzaba kibao mbele ya manesi."

Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia na yeye, kwa sauti kubwa kama anavyofanya kila kitu, na sebuleni kicheko kikakatika.