Nilifufua pikipiki ya Kugo ya miaka ya hamsini, akaishika na kusema si yake

Wakuu, chamgei. Wa huku kwetu wataitikia, wengine karibuni mkae.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sehemu za aibu sijazitoa. Kuna mahali mtataka kuuliza kama nilienda shule. Nilienda.

Kugo ni babu yangu, baba ya mama. Tunaishi naye boma moja, nje kidogo ya Sotik. Miaka ya hamsini alikuwa tarishi kwenye shamba la chai upande wa Kericho, kijana wa kupeleka barua na vifurushi. Msimamizi mmoja Mzungu aliporudi kwao, alimwachia pikipiki yake. Ya Kiingereza, silinda moja. Kampuni sitaitaja kwa sababu najua mtaanza kubishana juu ya kampuni na hakuna atakayesoma uzi.

Mimi niliikuta ikiwa nyumba ya kuku. Kuku walikuwa wanalala kwenye hendo na kutagia chini ya injini. Tairi zilikuwa zimeoza na kiti kilikuwa springi tu.

Kugo sasa macho yamekwisha kabisa. Siku moja tukiwa tunakunywa chai alisema, bila kumwangalia mtu, "Ningependa kuikalia mara moja tu kabla miguu haijakataa."

Mimi nikasema nitaitengeneza.

Sasa nijieleze. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuangalia kama nimeufunga. Nikituma ujumbe nausoma tena mpaka naona makosa ambayo hayako. Ufundi sijasomea, nimejifundisha kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu vitu vya watu. Kwa hiyo niliposema nitaitengeneza, nilimaanisha itoke kama ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo shida ilianzia.

Bajeti yangu ilikuwa bonasi ya majani chai, na bonasi mnajua vile hufika ikiwa imechoka. Tairi zilikuja kutoka Nakuru kwa lori la viazi. Ringi za pistoni tulitoa kwa injini ya pampu ya maji, tukazipiga tupa mpaka zikakaa. Waya wa klachi ni wa breki ya baiskeli. Msinicheke, unafanya kazi.

Aliyenisaidia ni Karanja, fundi wa boda pale Sotik, mtu wa Kedowa. Karanja hajui kunong'ona. Kila nikifika na kipande anawaambia wateja wote, "Huyu ndiye yule kijana wa kufufua wafu."

Injini ilikubali mapema kuliko nilivyotarajia. Ningeweza kumkalisha Kugo siku hiyohiyo. Sikufanya hivyo, kwa sababu ya tangi.

Tangi lilikuwa na kutu ndani, na upande wa kulia lilikuwa na mbonyeo mkubwa kama bakuli la uji. Huo mbonyeo ulininyima usingizi. Sikuweza kuupiga kutoka ndani kwa sababu mkono hauingii, kwa hiyo niliujaza puti, ile dawa ya kujazia bodi za magari. Nikapiga msasa, nikajaza tena, nikapiga msasa tena. Nikipitisha kiganja na macho yamefungwa, nilikuwa sihisi tena ulikuwa wapi.

Halafu rangi. Nilitaka ile nyekundu ya giza ya zamani. Nilipaka, ikatoka kama ya gari la zimamoto, nikaitoa yote. Nikapaka tena, vumbi la barabara likaingia, nikaitoa.

Wakati huo wote Kugo alikuwa anauliza, "Imefika wapi?"

"Bado rangi, Kugo."

"Aa."

Miguu ilikuwa imeanza kukataa, hata ndani ya nyumba anatembea akishika ukuta. Niliona. Nikaendelea na rangi.

Sasa kuhusu ile kutu ya ndani, wakuu, vumilieni.

Kwetu kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda, husafishwa kwa mkaa. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unaingiza ndani, unakisaga kwa sosiot mpaka kuta zote zinapakwa. Sosiot ni ule ufagio mrefu mwembamba wa kibuyu. Kibuyu hakiozi na maziwa hayaharibiki. Mimi nimekua nikiona mama akifanya hivyo, na akili yangu ikaniambia: tangi ni kibuyu cha chuma.

Mkaa niliuacha upoe kwanza. Niliona hiyo ni akili. Nikachukua sosiot ya mama bila kumwambia, nikapaka tangi lote ndani, vizuri, kila kona. Nadhani hakuna tangi Kenya nzima lililowahi kupakwa vile.

Sosiot niliiosha na sabuni, nikairudisha.

Wiki hiyo mursik ilinuka petroli. Mama alionja, akaweka kikombe chini, akaniangalia. "We," alisema, "hiki kibuyu umekilisha nini?" Nilimweleza. Aliichukua ile sosiot, akainusa. Kisha akasema, "Shule yenyewe tulilipa." Akaenda kukata sosiot nyingine.

Siku ikafika. Majirani walikuja. Karanja alifunga duka akaja na boda yake, akiwa amevaa koti. Tulimshika Kugo huku na huku, tukamvusha mguu, akakaa. Alishika hendo. Akasogeza miguu yake polepole mpaka ikapata mahali pake. Halafu akabana tangi kwa magoti.

Akatulia.

Akabana tena. Akashusha mkono wa kulia, akapapasa tangi juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta kitufe.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, Kugo."

"Hii si yangu. Mmenunua ingine."

Karanja akasema kwa ile sauti yake, "Mzee, ni yako kabisa! Mimi mwenyewe nimefungua injini!"

"Wewe siongei na wewe. Nauliza mjukuu wangu kwa nini ananidanganya."

Nilisema ngoja niwashe, akisikia sauti atajua. Nikapiga kiki. Ikakohoa mara moja ikazima. Nikapiga mpaka jasho likaingia machoni. Karanja alifungua kabureta pale pale kwenye nyasi, akaimwaga kiganjani. Ilitoka petroli nyeusi kama chai ya turungi, na chengachenga za mkaa.

Alinusa. "Kijana, hii nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akajibu badala yangu. "Mursik."

Majirani walicheka mpaka wengine wakaketi. Kugo hakucheka. Aliomba ashushwe, akasema baridi imeingia. Akarudi ndani na fimbo yake.

Nilikwenda kukaa naye. Nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza kabla ya kushika spana. Yako ilikuwaje?

Akaniambia. Wakati anamuoa nyanya, ng'ombe wa mahari walikuwa wametembea hadi kwa wakwe huko Sigor, isipokuwa ndama mmoja aliyekuwa na mguu mbaya. Wakwe wakasema wanamngoja huyo ndama. Kugo akamfunga mbele yake juu ya tangi, akaondoka na mvua. Karibu na Sigor ndama alirusha miguu, wakaanguka wote, tangi likapiga jiwe. Aliamka, akamfunga tena, akafika akiwa matope mpaka kwenye meno. Nyanya alikuwa akiwahadithia watu maisha yake yote kwamba hapo ndipo alipokubali.

"Goti langu lilikuwa linaingia hapo," alisema. "Miaka yote. Nikiendesha nilikuwa naweka goti hapo."

Wakuu, nilikuwa nimepiga msasa mahali hapo mpaka hapaonekani. Kwa furaha.

"Kugo, mbonyeo bado upo," nilisema. "Uko chini."

"Chini ya nini?"

"Kuna dawa niliweka ya kujaza."

"Itoe."

"Rangi itaharibika yote upande huo."

Alinigeuzia uso. "Rangi gani?"

Nikatoka kwenda kulifungua tangi.

Asubuhi nilichukua patasi na nyundo. Nawaambia ukweli, pigo la kwanza nilipiga kama mtu anayebisha hodi. Kugo alikuwa ameketi kando kwenye kiti. "Unaogopa itaamka?" akasema. La pili nilipiga vizuri. Puti ikapasuka na kutoka kipande kizima na rangi yake, nyekundu ile ile niliyoitafuta. Ndani yake chuma kilikuwa bado kimebonyea vilevile.

Mkaa nilikuwa nimeshautoa usiku kwa mnyororo na mafuta ya taa, nikitikisa tangi mpaka mabega yakakataa.

Tukamkalisha tena, mimi na mama. Alibana magoti. La kulia likaingia.

Mama aligeuka akaangalia majani chai.

Halafu Kugo akagonga tangi kwa vidole. "Haya, washa. Unangoja nini?"

Iliwaka kiki ya pili. Nilikaa mbele, yeye akarudi nyuma akanishika kiuno, tukaenda hadi barabara ya lami na kurudi. Njia nzima alikuwa ananiambia nabadilisha gia vibaya.

Nilichojifunza: kabla hujarekebisha kitu cha mtu, muulize ni wapi hataki kiguswe. Na ufagio wa kibuyu ubaki kwa kibuyu.

Nakaribisha maoni, na nina swali moja la kiufundi. Pale kwenye mbonyeo chuma kiko wazi na mvua za huku mnazijua. Nataka kitu cha kupaka kizuie kutu lakini goti liingie vilevile. Wenye uzoefu nisaidieni.

Puti sitaki kusikia.