Helikopta Katika Chumba cha Mkwe

Nilifunga mapanga ya helikopta kinyumenyume kwa kufuata pangaboi la sebuleni, kisha nikalaumu upepo wa Kibamba wiki nzima. Nalisema hili mapema, maana mke wangu angelisema tu.

Ilikuwa hivi. Umeme ulikatika, mie nimelala chali kwenye mkeka, pangaboi linapunguza mwendo taratibu darini. Nikaona wazi linakozungukia. Nikasema, basi na helikopta ni hivyo hivyo, nikainuka nikafunga. Hesabu za kidato cha nne nilifaulu, lakini haikunijia kwamba pangaboi nilikuwa nalitazama kwa chini, na helikopta naitazama kwa juu.

Ni helikopta ya kurushwa kwa rimoti, na wala si ya kuchezea watoto. Panga moja lina urefu wa mkono wangu mzima, kutoka begani hadi vidoleni. Niliinunua kwa mgeni mmoja wa Masaki aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, nikijiona nitakuwa nairusha kila Jumapili. Ukweli ni kwamba mie ni mtu wa ndani. Natunza stoo ya kiwanda kule Chang'ombe, na nikishafika nyumbani jioni, kutoka kwenye kochi kwenda uani naona ni safari ya kuagwa. Helikopta ikahamia chumba cha wageni, ikalala kitandani, ikafunikwa shuka. Wageni wakija walilala sebuleni.

Siku moja mke wangu akaja na habari kutoka Iringa.

"Baba watoto, mama anakuja kutibiwa magoti. Atakaa na sisi. Nakihitaji kile chumba."

"Si kiko wazi?"

"Kiko wazi, kina helikopta kitandani."

Nikaanza kujieleza, kwamba ilikuwa mbovu kichwa tu, na kichwa kipya nimeshaagiza. Yeye ni mwalimu wa msingi. Visingizio vya aina hiyo anavisikia tangu saa moja asubuhi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama akifika ikiwa inaruka," akasema, "itakaa juu ya kabati humo humo, nitamweleza mwenyewe. Ikiwa hairuki, unaigawa. Usiniambie tena habari ya wiki ijayo."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Kichwa ndiyo ile sehemu ya juu inayoshika mapanga. Cha zamani kilikuwa cha plastiki, kimelegea kama jino la mzee, na juu yake kulikuwa na fimbo yenye vibawa viwili vya kuituliza helikopta isiyumbe. Fimbo hiyo ilipinda siku nilipojaribu kuirusha uani ikanasa kwenye kamba ya nguo. Kipya kilipofika kilikuwa cha aluminiamu, hakina fimbo. Kazi ya kutuliza inafanywa na kiboksi kidogo cha umeme, kinachohisi helikopta inakoinamia na kuirudisha. Kwenye picha za maelekezo kazi yote ilionekana ya jioni moja.

Jioni ya kwanza iliishia kwenye boliti moja, ile inayokishika kichwa kwenye mhimili wake. Yule mgeni aliitia gundi kana kwamba hakutaka mtu mwingine aje aifungue. Niliizungusha hadi kiganja kikatoka lengelenge, mwishowe nikaipasha moto kwa chuma cha kulehemu waya ndipo ikakubali. Jioni zilizofuata nilifunga, nikafungua, nikafunga. Kuna wakati nilisinzia na bisibisi mkononi, nikaamka nimeikumbatia.

Kile kiboksi nacho kina mtihani wake. Unaibeba helikopta, unaiinamisha pua, na ile sahani ya chuma iliyo chini ya kichwa, inayoongoza mapanga, lazima ilalie nyuma, kama mtu anayekataa kusukumwa. Ikilalia mbele, ukiwasha itajibwaga. Nikawa nimeipakata sebuleni naiinamisha huku na huku. Mke wangu akapita na madaftari ya kusahihisha.

"Huyo amecheua?" akauliza, akaendelea zake.

Siku ya jaribio niliitoa hadi kwenye kiwanja cha nyuma, cha mtu ambaye hajajenga. Nikasimama mbali, nikawasha. Ikanguruma, ikapeperusha vumbi la mtaa mzima, ikatetemeka, ikabaki chini. Jirani yangu alikuwa uani kwake anachambua matembele. Yeye ni Mngoni wa Songea na mie Mhehe, kwa hiyo ni watani, na mtani hachagui maneno.

"Mhehe, vumbi lote limeingia kwenye mboga zangu, na mdude wako bado umekaa."

"Upepo wa leo mbaya, mtani."

"Upepo upi? Hata jani la mpapai halitikisiki. Tangu uanze kuhangaika na hilo bati mbwa wa mtaa huu wamenenepa, maana Mhehe hana muda wa kuwala, angalau hilo tunashukuru."

Nikaendelea kulaumu upepo, baadaye betri, baadaye aliyeniuzia kichwa. Hadi Ijumaa moja niliporudi kutoka kazini mgongo umekufa, nikajilaza tena kwenye ule mkeka na kutazama juu. Pangaboi lilikuwa linazunguka. Nikanyanyua kidole nikaanza kulifuatisha, kisha nikakigeuza kidole kama vile nipo darini natazama chini. Kikawa kinazunguka kinyume. Sikuwa na nguvu hata za kujitukana.

Nikayageuza mapanga. Jumamosi, mkwe akiwa tayari njiani, niliirudisha kiwanjani. Safari hii haikutetemeka. Ilinyanyuka usawa wa magoti, ikapanda usawa wa ukuta, ikatulia hewani kama imetundikwa. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kwa furaha ya dakika hiyo. Nilichosikia ni mabega kuuma. Nikaishusha polepole.

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa nyuma na shuka safi mikononi.

"Haya," akasema. "Juu ya kabati." Akaingia kutandika.

Nikafuta jasho, nikamgeukia jirani, aliyekuwa ameegemea ukuta wake ananitazama.

"Umeona, mtani? Haigawiwi hiyo. Imepata chumba."

Akatema ganda la muwa pembeni.

"Imeruka, tumeiona. Ila chumba chenyewe analala mkweo, na wewe Mhehe huko huruhusiwi hata kuchungulia. Sasa hapo umeigawa au hujaigawa?"